Shahidi wa Tatu

Kuna swali moja linaloonekana la kitoto mpaka pale utakapojaribu kulijibu. Watu wawili ambao hawajawahi kukutana, mmoja yuko Mpanda mjini na mwingine yuko huko Mishamo, tutajuaje kama wako sawa? Sisemi kufanana. Sisemi kupendana. Nasema sawa. Wanasiasa wana jibu lao, mashehe na wachungaji wana lao, na sisi vijana wa kijiweni tunalo letu, ambalo mara nyingi ni kucheka na kubadilisha mada. Mimi jibu nililonalo nimeliokota mahali ambapo waandishi chipukizi huwa hatupiti kabisa, yaani ndani ya kitabu cha fizikia. Usikimbie, ndugu msomaji. Sitakuletea hesabu.

Wanafizikia wanayo elimu yao ya joto, themodinamiki, nayo ina kanuni zake kuu. Ya kwanza inasema nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Ya pili inasema joto likiachwa lenyewe huhama kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, wala halirudi kinyume bila kusukumwa. Lakini kabla ya hizo ipo nyingine, inayoitwa kanuni ya sifuri. Inasema hivi: kama kitu cha kwanza kimefikia msawazo wa joto na kitu cha tatu, na kitu cha pili nacho kimefikia msawazo na hicho hicho cha tatu, basi cha kwanza na cha pili navyo vina msawazo baina yao. Hata kama havijawahi kugusana. Siku ukivigusanisha, hakuna joto litakalohama toka huku kwenda kule.

“Sasa hapo kuna jipya gani?” utaniuliza. Swali zuri, maana hata wataalamu wenyewe walilichukulia jambo hili kuwa la wazi mno, halina haja ya kutajwa. Kanuni ya kwanza na ya pili zilikwisha kusimama katika karne ya 19, na ya tatu ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Ndipo miaka ya 1930 Ralph Fowler, mwanafizikia wa Cambridge, Uingereza, akalipa jina lile lililokuwa limekaa kimya chini ya zote. Kuiita kanuni ya nne haikufaa, kwa sababu ndiyo inayozibeba nyingine. Namba moja ilikwisha kuchukuliwa. Ikapewa sifuri. Wamejenga nyumba, wamepaua, wamehamia, ndipo wanakumbuka kuuliza msingi unaitwaje.

Na msingi huo unabeba nini? Unabeba kipimajoto. Bila kanuni ya sifuri, kipimajoto ni kijiti cha kioo cha kuchezea watoto. Ndiyo inayotupa haki ya kusema kwamba nyuzi 38 za hapa na nyuzi 38 za kule ni kitu kimoja, ingawa hapa na kule havijaonana. Namba zenyewe ni mapatano tu ya watu. Anders Celsius, Mswidi aliyetunga kipimo hiki mwaka 1742, aliandika 0 mahali maji yanapochemka na 100 mahali yanapoganda, na ni baadaye tu kipimo kikapinduliwa kikawa kama tunavyokijua. Namba unaweza kuipindua utakavyo, lakini usawa unaopimwa na namba hiyo haupinduki.

Utasema: kipimajoto cha nini wakati Mungu ametupa mikono? Haya. Chukua jembe lililolala ndani usiku kucha, mwezi wa saba, wakati Mpanda kunakuwa na ubaridi wa asubuhi. Shika mpini, kisha shika chuma. Chuma kitakuuma, mpini utauona una nafuu. Utakula yamini kwamba chuma kina baridi zaidi. Lakini weka kipimajoto kwenye mpini, usubiri, kisha kiweke kwenye chuma, usubiri: halijoto ni ile ile. Vimelala chumba kimoja, vimesawazishwa na hewa moja. Kilichotokea ni kwamba chuma hupitisha joto upesi, kwa hiyo kinaunyang'anya mkono wako joto harakaharaka, na mti hulichukua polepole. Mkono haukulipima jembe. Mkono ulipima hasara yake wenyewe.

Ndivyo tunavyopimana sisi binadamu, bwana wee. Mtu aliyefungua genge mkabala na genge langu namwona ana roho mbaya, na yule aliyefungua mbali namwona mstaarabu. Aliyenipita kwenye usaili ana majivuno. Aliyeshindwa pamoja nami ni mshikaji. Tunasema tumewapima watu kumbe tumepima kile walichotupunguzia. Mbaya zaidi, tuna uhakika kabisa, kwa sababu tumegusa kwa mkono wetu wenyewe. Nani atambishia mkono wake?

Mjomba wangu mmoja analima tumbaku ya mvuke. Kwa wasiojua: majani yakishachumwa hufungwa kwenye vijiti, yakaning'inizwa ndani ya bani, na moto wa kuni ukawashwa nje ili joto lipite ndani kwenye mabomba. Siku za mwanzo joto hushikwa chini, kwenye nyuzi thelathini na kitu, mpaka jani ligeuke manjano. Baadaye hupandishwa kidogo kidogo mpaka karibu na 70 ili hata ule uti wa jani ukauke. Ukiharakisha, jani linakauka likiwa bado kijani. Ukizembea, linaiva kupita kiasi na kuwa la kahawia. Kazi ya msimu mzima inaamuliwa kwa siku chache ndani ya kile kijumba cha udongo, na mtu halali.

Sasa mjomba, Mungu amsamehe, ana maneno mengi kuhusu majirani wa upande wa pili, watu wa Katumba. “Wale watu,” huanza hivyo, na ukisikia hivyo jua linalokuja si jema. Lakini msimu mmoja nilipokuwa kwake, kila aliyepita na baiskeli akitokea huko aliulizwa swali moja: “Kwa fulani moto wameushika ngapi?” Akijibiwa thelathini na nane, mjomba anainama, anachungulia kipimajoto chake kwenye kidirisha, na kuongeza kuni mpaka na yeye afike thelathini na nane. Yule fulani hawajapatana kwa miaka. Ng'ombe wake asingemwamini kumchunga. Ila namba yake aliiamini kuliko alivyoamini mkono wake mwenyewe.

Jambo lile nimelifikiria sana. Mjomba hakumpenda yule mtu hata chembe, na wala haikuhitajika. Baina yao palikuwa na kitu cha tatu ambacho si cha huyu wala si cha yule, na ambacho hakiulizi kwenu ni wapi. Kwa mlango huo, watu wawili wasiosalimiana walikuwa na bani zenye moto mmoja.

Watu wa Katumba ni akina nani? Mwaka 1972 yalipotokea mauaji makubwa Burundi, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka kuja kwetu. Serikali iliwafungulia makazi porini, Katumba na Ulyankulu kwanza, na Mishamo ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Mkoa wa Katavi ulikuja kuzaliwa mwaka 2012 watu hao wakiwa wameshafyeka misitu, wamelima mahindi na tumbaku, wamezaa na kuzika. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe walipewa, na walilitumia kweli kweli. Ila methali haisemi ni siku ya ngapi mgeni huacha kuwa mgeni. Kwa hawa ilichukua miaka 42: vyeti vya uraia vilianza kugawiwa Oktoba 2014, kwa watu zaidi ya 160,000. Kwa nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja, ni jambo la kujivunia, na nalisema bila haya.

Cheti kile ndicho kipimajoto. Hakisemi unampenda mwenzako. Kinasema: huyu akisimama mbele ya sheria, na yule wa Mpanda mjini akisimama mbele ya sheria hiyo hiyo, na kila mmoja akionekana sawa nayo, basi wao kwa wao wako sawa. Yamekwisha. Ni kanuni ya sifuri tupu.

Lakini je, yamekwisha? Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye sekondari alizaliwa Katumba, na cheti anacho. Siku moja tulikwenda ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi yake. Karani akatazama jina, akatazama mahali pa kuzaliwa, akasema kwa upole kabisa: “Ungeleta mtu tunayemfahamu, atoe maneno mawili.” Nikasogea mimi. Karani akaniuliza ukoo wangu, kumbe anamjua mjomba. Basi! Kicheko, salamu nyingi kwa mzee, karatasi ikagongwa mhuri hapo hapo. Wote tukafurahi isipokuwa mwenye karatasi. Tulipotoka nje aliniambia, “Leo nimepata kwa sababu yako. Cheti kimebaki mfukoni.”

Mnaona kilichotokea? Palikuwa na mnyororo: karani anamjua mjomba, mjomba ananijua mimi, mimi namjua rafiki yangu. Kwa macho ya haraka unafanana na kanuni ya sifuri, maana nao unamfikia mtu kupitia wa kati. Lakini ni kinyume chake. Kujuana hakurithishwi. Mimi nampenda fulani, fulani anampenda mwingine. Haifuati kwamba mimi nampenda huyo mwingine, na visa vyote vya mapenzi tunavyoandika katika magazeti haya vingekosa kazi kama ingekuwa hivyo. Urafiki haupiti katikati ya mtu bila kupungua. Imani ndiyo kabisa: kila mkono inaopitia inapoteza kidogo, kama chai inayomiminwa kikombe hadi kikombe. Kufikia mtu wa nne imeshapoa. Usawa peke yake ndio unaoweza kupita katikati ukatoka upande wa pili mzima mzima, na hiyo ndiyo sababu haki ijengwe juu ya usawa, isijengwe juu ya kujuana.

Sisi tumejenga juu ya kujuana. Wazee wetu walilitania jambo hili wakaliita undugunaizesheni, tukacheka, na kicheko kikalifanya lizoeleke. Zimwi likujualo, twasema, halikuli likakwisha. Ni kweli kwa anayejulikana. Yule asiyejulikana na zimwi lolote je? Huyo huliwa akakwisha. Na mji ni nini kama si mahali pa watu wasiojuana? Kijijini unaweza kuishi kwa kujuana tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Siku unaposhuka kwenye treni na begi lako, iwe ni Mpanda, Tabora au Dar es Salaam, ndugu yako wa kweli ni kile kitu cha tatu: mizani ya sokoni isiyochezewa, foleni isiyorukwa, mtihani unaosahihishwa kwa namba badala ya jina.

Hapa lazima niwe mwangalifu, nisije nikauza kipimajoto kama wanavyouza dawa ya kutibu maradhi yote. Kipimajoto nacho kina masharti yake. La kwanza, cha kawaida lazima kiguse. Hakihukumu kwa kusikia. La pili, lazima kisubiri mpaka kifikie msawazo, na mwenye haraka atasoma uongo. La tatu, lazima kiwe kidogo kuliko kile kinachopimwa. Ukichovya kipimajoto kikubwa cha baridi ndani ya kikombe kidogo cha chai, utakuwa umeipoza chai, kisha unaandika kwamba chai ni ya baridi. Hakimu, karani, mwalimu, mhariri: mkija na ukubwa wenu mtakachokipima ni ninyi wenyewe.

Na sharti la nne, inategemea umekiweka wapi. Hili nalitolea ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye jokofu mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, akaona wake umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Aliposimulia baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu wake mmoja alimkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Huko huko alimuuliza mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakacheka. Osborne hakumcheka. Alirudi akapima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Na wakaonyesha kwamba ukikosea urefu wa kipimajoto ndani ya maji kwa kiasi cha sentimita moja tu, unaweza kuona maajabu ambayo hayapo.

Mimi sina uwezo wa kuamua nani kashinda. Ninachokiona ni tofauti ya namna mbili za kumkatalia mtu. Yule mwalimu alimkatalia Mpemba kwa kutazama Mpemba ni nani. Wale wa 2016 walimkatalia kwa kutazama maji. Kukataliwa kwa namna ya pili ni heshima. Inamaanisha umesimama kwenye mizani moja na profesa, na kesho ukipima vizuri zaidi yao, watalazimika kukusikiliza.

Nakisikia kijiwe kikinipinga. Msela mmoja msomi atasema: “Mwandishi, huo msawazo wako ni kifo. Joto likishalingana kila mahali hakuna kinachohama, na pasipohama kitu hakuna injini inayozunguka. Hata treni ya Kaliua inakwenda kwa sababu ndani ya injini kuna moto na nje kuna ubaridi.” Kweli kabisa, na hoja yake siikwepi. Ila kanuni ya sifuri haiamuru vitu vyote viwe na joto moja. Inasema tu namna ya kujua kama viko sawa au haviko. Nenda Hifadhi ya Katavi mwezi wa kumi, Mto Katuma ukiwa umekauka umebaki madimbwi. Utaona viboko mamia wamebanana kwenye tope, na mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo za mto. Mamba huchukua halijoto ya mahali alipo; kiboko huilinda ya mwili wake kama sisi. Wote wamo katika kiangazi kimoja, kila mmoja anakiishi kivyake, na kipimajoto hakimdai mamba awe kiboko.

Tena tusichanganye joto na halijoto. Sufuria ya maji na kijiko kilichomo ndani yake vina halijoto moja, lakini joto lililomo ndani ya sufuria ni kubwa mara nyingi. Usawa ninaoutetea haumtaki kijiko kuwa sufuria. Tajiri wa hapa mjini ana malori, mimi nina kalamu. Hilo ni suala jingine, na lina ugomvi wake ambao siufungi leo. Ninachotaka ni kwamba tukigusanishwa mbele ya meza ya karani, kitu changu kisivujie kwake kwa sababu tu yeye ni yeye.

Sasa tugeukiane sisi tunaoandika. Kazi yetu ni ipi kama si kuwa kile kitu cha tatu? Msomaji wa Sumbawanga hatakutana kamwe na mama wa Mishamo anayekoka moto wa bani usiku. Watakutana ndani ya hadithi yako. Ukiandika kwa kugusa, kwa kusubiri, bila kumfunika mama yule kwa ukubwa wako, msomaji atajijua na atamjua, na watakuwa sawa bila kuombana ruhusa. Ukiandika kwa mkono peke yake, utatuletea chuma kinachouma na kutuapia kwamba kilikuwa barafu.

Na tuanzie karibu. Shairi la mtu msiyemjua likifika mezani kwenu, pamoja na shairi la rafiki yenu wa kila jioni, fumbeni majina yote mawili, msome. Kisha mseme ukweli, hata kama jioni hiyo chai mtajinunulia wenyewe.